Buti Mlangoni Siku ya Besaki

Nikisema "zamani" nyumbani kwetu, watu hucheka. Kijana wa miaka kumi na sita, kaptula ya skuli bado kiunoni, ana zamani gani? Nami hucheka nao, kisha huendelea kuisema, kwa sababu ile Changamwe tuliyoichezea sisi, vita vya Hitila vikiwa vimepamba moto na sukari ikigawanywa kama dawa, haipo tena. Nyinyi wenzangu mliochubuka magoti pamoja nami mwaijua. Hawa wadogo tunaowaona leo mpira wao umenunuliwa dukani! Wetu ulikuwa soksi ya askari iliyojazwa matambara, na ukinyeshewa ulikuwa mzito kama kichwa cha mtu; ukiupiga kichwa, waona nyota mchana. Mwambie mmoja wao aweke msumari juu ya reli angoje treni ipite iufanye kisu, atakwambia mama atagomba. Mama zetu pia waligomba. Tuliwasikiliza kwa adabu mpaka wakamaliza, kisha tukaenda kutafuta msumari mwingine.

Harufu ya kwetu ilikuwa moshi wa makaa ya mawe, na ile dawa nyeusi wanayopaka mataruma, yale magogo ya kulalia reli, ambayo jua likiwaka yanuka mpaka ndani ya chai. Asubuhi sisi Waislamu tulikuwa chuoni tukisoma Kurani, kwa mwalimu ambaye bakora yake ilikuwa ndefu kuliko subira yake. Baadaye skuli. Jioni ilikuwa yetu wenyewe: mahamri na mbaazi ukiwa na bahati, muhogo wa kuchoma na pilipili ukiwa nayo kidogo.

Tulikuwa watatu tusioachana. Mimi, Sefu, mjukuu wa nyanya mkali. Kalume, Mrabai, mwembamba kama ufito, ambaye babake alifanya kazi katika genge la kutengeneza reli. Na Mohinda, mtoto wa Kalasinga, nywele amezifunga utosini kwa kitambaa cheupe mfano wa kitunguu. Msidhani Mohinda alikuwa mgeni. Alizaliwa hapo hapo Changamwe, na kwa matusi ya Kiswahili alitushinda sote.

Babake Mohinda ndiye aliyekuwa fomani, msimamizi wa genge la reli, na hata jina lake sikulijua; kila mtu alimwita Fomani, nadhani hata mkewe. Ndevu zake zilifika kifuani na sauti yake ilifika Miritini. Akifoka, kunguru waliruka. Babake Kalume alikuwa chini yake, kwa hiyo alifokewa kila siku ya kazi, akarudi nyumbani akanyamaza, akala, akalala.

Kulikuwa na amri moja ya Fomani ambayo hata sisi watoto tuliijua. Mtu mmoja wa genge alikuwa ameponda vidole vya mguu kwa taruma, akabaki kilema. Tangu siku hiyo wote wakapewa buti, na Fomani akaapa kwamba asiyevaa buti hakanyagi reli yake. Mzaha haukuwepo. Jirani yetu mmoja aliuza zake, akaja kazini pekupeku, akafukuzwa mbele ya watu na hakurudi tena. Basi Baba Kalume alizitunza buti zake kuliko alivyomtunza Kalume, na haki yake: buti zilileta unga, Kalume aliumaliza.

Masika yalipoanza mwaka huo, kina Mohinda wakaanza kunywa chai bila sukari. Tulimwona Mohinda anakunja uso kwa kila funda, tukamcheka.

"Mumekuwa maskini?" Kalume akamuuliza.

"Maskini wewe! Twaweka ya Besaki."

Besaki ndiyo sikukuu yao kubwa, mwaka wao mpya. Na sukari waliyokuwa wakiiweka ya mgao, majuma kwa majuma, haikuwa yao peke yao. Ilikuwa ya kupikia kila mtu atakayekuja. Kila mtu! Kwetu wakati ule mtu akipata sukari aliificha hata mashetani wasiione.

Aliyetueleza ni nyanyake Mohinda, Biji, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa barazani akichagua mchele, nasi tukajipanga mbele yake, si kwa kupenda hadithi, kwa kungoja karanga. Akaanza kutusimulia kwamba hapo kale Guru, kiongozi wa dini yao, aliwakusanya watu wengi, akatoka mbele yao na upanga mkononi.

"Akasema, nataka kichwa. Nani atatoa?"

"Kichwa cha mbuzi?" Kalume akauliza.

"Kichwa ya mtu."

"Haya, mimi naenda kwetu," Kalume akainuka.

"Keti!" Biji akamrushia karanga, akaketi.

Watu wote waliogopa, akasema, lakini wakasimama watano, mmoja mmoja: mwenye duka, mkulima, mteka maji, fundi wa nguo na kinyozi. Guru akawaingiza hemani. Watu nje wakadhani wamechinjwa. Kumbe akawatoa wazima, wamevaa nguo mpya, akawakorogea maji ya sukari katika bakuli la chuma, wakanywa wote bakuli moja, wa kabila hili na wa kabila lile, ambao kabla ya hapo hata kivuli cha mwenzao hawakutaka kiwaguse.

"Halafu Guru akapiga magoti," Biji akasema. "Akasema, sasa nyinyi nipeni mimi."

"Mbele ya kinyozi?" nikauliza.

"Mbele ya kinyozi."

Nikamfikiria mwalimu wetu wa chuo amepiga magoti mbele yangu mimi na Kalume. Nilicheka mpaka Biji akanipiga na ungo.

Kisha akatualika. Masharti yake tuliyahesabu kwa vidole: mlangoni vua viatu, kichwani funika, keti chini kama wote, ulichopewa umalize. Hapo mkubwa hana mahali pake na mdogo hana mahali pake.

Tukatoka barazani. Kalume akaniangalia miguu, nami nikamwangalia yake.

"Vua viatu," akasema. "Tutavua nini?"

Wallahi hilo lilikuwa jambo zito. Mtaniambia msikitini twaingia pekupeku na hakuna anayeuliza. Kweli. Lakini hii ilikuwa karamu ya watu wa reli, na mambo ya reli yote yana tiketi. Mimi, ambaye siku zote ndimi mwenye akili, nikaamua kwamba kiatu ndiyo tiketi: ukikiacha mlangoni, waingia; huna cha kuacha, warudi kwenu. Kumuuliza Mohinda tukaona aibu. Yeye alikuwa na viatu vya ngozi, angetucheka mpaka Besaki ya pili.

Kwetu nyanya aliuliza jambo moja tu. "Kuna nyama?"

"Hakuna, nyanya. Dengu na chapati."

"Basi nenda. Vaa kofia, sema bismillahi, upokee kwa mkono wa kulia. Na usiniaibishe mbele ya watu, wanisikia?"

"Naam, nyanya."

Siku yenyewe Baba Kalume alikuwa amekesha relini, kwa sababu treni za vita hazikujua sikukuu ya mtu. Alirudi alfajiri akalala, na zamu yake nyingine ilikuwa saa nane mchana. Buti zake zilikuwa nyuma ya mlango. Tukazitazama. Kalume akasema tutazirudisha kabla babake hajageuka upande wa pili. Mimi nikasema bila shaka. Tatizo likawa moja: buti ni mbili na sisi ni wawili.

Mumeshaona tulilofanya. Yeye akavaa ya kulia, mimi ya kushoto.

Sijapata kuona mwendo kama ule. Mvua ilikuwa imenyesha, tope jekundu la Changamwe limekolea, na buti yenyewe ilinifika gotini. Nilikwenda juu, chini, juu, chini, kama mkokoteni uliopoteza gurudumu. Kalume naye, kwa kukosa kofia, alijifunga leso ya mamake kichwani, na kwa mbali ungedhani ni bibi kizee anayekwenda kudai mahari. Watu walitupisha njia.

Gurudwara yao, ndivyo walivyoiita nyumba yao ya ibada, ilikuwa ya mabati, kando ya reli, na bendera ndefu ya rangi ya manjano juu ya mlingoti. Mlangoni paliwekwa mbao za viatu, na mtu ameketi chini katikati ya viatu hivyo, mikono ya shati ameikunja, kitambaa begani, ndoo ya maji ubavuni. Kila mtu akivua kiatu, anakipokea, anakifuta, anakipanga. Nikadhani ni mzee fulani aliyepewa kazi hiyo kwa kuhurumiwa. Akainua uso.

Alikuwa Fomani.

Kalume alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Fomani akatutazama kuanzia kofia yangu, akashuka, akasimama kwenye buti. Akahamia kwa Kalume: leso, kaptula, buti.

"Moja-moja?" akauliza.

"Naam, Fomani," nikasema.

"Ingine wapi?"

Kalume akanyoosha kidole kwangu, nami nikakinyoosha kwake. Ndevu za Fomani zikatikisika kidogo, kama kuna panya ndani. Akapokea buti ya kulia kwa mikono miwili, akapokea ya kushoto kwa mikono miwili, akaziweka pamoja. Sisi tukaruka ndani.

Nikwambieni nini cha humo! Ngoma na kinanda, sauti za wazee zikipanda na kushuka pamoja, harufu ya samli. Tukakalishwa juu ya mikeka mirefu, mstari mmoja na watu wote. Kulia kwangu alikuwa tajiri wa mbao, yule ambaye gari lake tulikuwa tukilikimbilia kulishika tu. Mbele yake ameketi mchukuzi wa stesheni. Sahani zao sawa na yangu. Mohinda alipita na kikapu cha chapati akijifanya hatujui, maringo tele. Nikanyoosha mkono wa kulia kama nilivyofunzwa. Biji, aliyekuwa nyuma na sufuria ya dengu, akaushika na wa kushoto akaiweka yote miwili pamoja. "Hivi," akasema. Nikapokea kwa yote miwili na bismillahi nikaitamka kwa sauti kubwa, ili kama kuna kosa basi lipungue. Tajiri wa mbao akacheka akanipa chapati yake ya pili. Na ile halua yao ya moto, iliyosongwa kwa unga na samli na ile sukari ya majuma yote, ilikuwa yateleza kooni kabla hujaitafuna. Pale ndipo nilipomsamehe Mohinda maringo yake.

Kalume hakuwa akila.

"Una nini?"

"Umeona nani ameshika buti za baba?" akaninong'oneza. "Azijua. Atajua baba hana buti."

Ndipo king'ora cha reli kikalia, kile cha kwanza cha kuwaita watu wa zamu ya mchana.

Kalume akainuka. Biji akamrudisha chini kwa mwiko. "Maliza."

"Biji, ni lazima niende..."

"Kila punje."

Alimaliza, maskini, machozi yakichanganyika na dengu, mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta. Mimi nikamsaidia, kwa moyo safi, upande wa halua. Na tulikuwa bado tunatafuna Baba Kalume alipotokea mlangoni.

Hakuhitaji kumuuliza mtu tulikokwenda. Katika lile tope tulikuwa tumemwandikia njia nzima: alama ya buti, unyayo, alama ya buti, unyayo, watoto wawili bega kwa bega. Alikuja mbio, pekupeku, tope mpaka magotini, kofia ya reli kichwani. Akasimama ghafla. Fomani alikuwa ameweka buti moja ya Baba Kalume mapajani, anachokoa tope kati ya misumari ya soli kwa kijiti.

Tulikuwa karibu na mlango, tukasikia yote.

"Samahani, Fomani," Baba Kalume akasema, na sauti yake sikuitambua. "Hizo buti ni zangu."

"Najua. Mguu kubwa namna hii, ya nani ingine?"

"Ni watoto, Fomani. Sikuziuza. Nilikuwa nimelala..."

"Chafu sana." Fomani akaigeuza. "Wewe natembea wapi, shamba ya mpunga?"

"Nipe nizisafishe mwenyewe. Si kazi yako hiyo."

"Leo kazi yangu."

"Fomani, watu wanatuona."

"Wacha ona."

Baba Kalume akaangalia huku na huku kama mtu aliyekamatwa anaiba. Akachuchumaa, akaivuta buti taratibu; Fomani naye hakuiachia. Wakawa wameishika wote wawili.

"King'ora kimelia," Baba Kalume akasema. "Zamu yangu imefika."

"Fomani yako nani?"

"Wewe."

"Basi ingia. Kula."

"Nikichelewa, msaidizi wako atanifukuza."

"Yeye fomani yake nani?"

Baba Kalume akafikiri. "Wewe."

"Kula!" akafoka sasa, ile sauti ya Miritini, na mtu mzima akaingia ndani mbio kama sisi.

Akaoshwa mikono, akaketi karibu yetu. Sisi tukawa watoto wenye adabu kuliko wote Pwani nzima. Baba Kalume alinyoosha mkono akalishika sikio la Kalume, akalipinda nusu, akaona Biji anamtazama, akalinyoosha tena polepole kama anarudisha kitu cha kuazima. Kisha akala. Alianza kwa haraka, baadaye haraka ikamtoka. Biji alimwongeza, tajiri wa mbao akamsogezea maji, na Mohinda akasahau maringo akamwambia, "Karibu, baba."

Alipotoka, buti zilikuwa zimewekwa pembeni, zimefutwa, zimepakwa mafuta, na Fomani alikuwa amezielekeza nje, ili mwenyewe atie miguu tu aende. Baba Kalume alizisogelea zile buti, akainua mguu wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. Mtu ambaye hajawahi kuwekewa viatu hajui aanze na mguu gani.

Fomani akainuka naye. Wakafuata reli pamoja, mmoja buti zang'ara, mwingine, kwa haraka au kwa kusahau, pekupeku juu ya kokoto, akirukaruka na kusema maneno ya Kipunjabi ambayo Mohinda alikataa kututafsiria. Sisi nyuma. Msaidizi alikuwa amesimama kwenye genge, mikono kiunoni, kinywa kimeshafunguka kumfukuza mchelewaji. Akaziona buti. Kisha akaiona miguu ya Fomani, mitupu, juu ya reli yake mwenyewe.

"Nini?" Fomani akamuuliza.

"Hakuna, Fomani."

Genge zima likainama kazini, na mabega yalikuwa yakitikisika. Hawakucheka kwa sauti mpaka alipofika mbali sana.

Msidhani Fomani aligeuka malaika. Kesho yake kunguru waliruka kama kawaida, na aliyefokewa wa kwanza alikuwa Baba Kalume, kwa kulegeza parafujo. Kalume alikuwa amepigwa jioni ya siku ile ile ya Besaki, mimi nikapigwa na nyanya kwa kumponza Kalume, na Mohinda akagombezwa kwa kutucheka, kwa hiyo sote tulikuwa sawa.

Lakini Besaki iliyofuata, tulipofika, pekupeku kabisa safari hii na vichwa juu, mlangoni palikuwa na watu wawili chini katikati ya viatu. Mmoja Fomani. Wa pili Baba Kalume, shati la kanisani, mikono amekunja. Hakuna aliyemtuma, alikuwa hata hana zamu siku hiyo, angeweza kulala. Alikuwa na kiatu cheusi cha ngozi mkononi, kikubwa, kisigino kimeliwa upande mmoja. Cha Fomani mwenyewe.

Fomani walimhamisha bara vita vilipokwisha, Mohinda akaenda naye, na sijui huko anawatukana watu kwa lugha gani. Besaki ipo bado. Nilipita mwaka huu. Watoto wa leo wamekuja na raba nyeupe, wanazivua mlangoni kisha wanaingia nazo kwapani, wasije wakaibiwa! Wanakula, wanajifuta, wanaondoka, na mbao za viatu zimebaki tupu, na wazee wanaokaa pale siku hizi hawana cha kufuta. Sisi tulitafuta viatu vya kuacha. Wao wanavyo, hawaviachi. Na nje ya pale, kila siku nasikia wakubwa wakisema Mhindi na lake, Mswahili na lake, mtu wa bara na lake, kila mtu na uzio wake.

Siku ile ya Besaki ya pili nilimwinamia Baba Kalume sikioni nikamuuliza, kwa utundu tu, "Huoni haya, Baba Kalume? Huyu si ndiye aliyekufokea jana?"

Hakuacha kufuta.

"Yeye ndiye aliyeanza," akasema.

Maneno hayo skulini kwetu nayasikia kila wiki, kutoka kwa watu wenye midomo iliyovimba, wamesimamishwa mbele ya mwalimu. Bado nangoja kumsikia mwingine ayaseme akiwa na kiatu cha mwenzake mkononi na kitambaa kimelowa.